Kufuatilia mabadiliko ya ardhi Nakuru kwa picha za setilaiti: mwongozo kamili kwa anayepanga

Ramani ya kwanza niliyoitoa hadharani ilionyesha mtaa mzima ukichipuka upande wa Njoro ndani ya miezi sita. Niliitandaza mezani kwenye baraza, nikaieleza kwa madaha. Mama mmoja wa mstari wa mbele akainama, akaweka kidole juu ya doa jekundu, akaniuliza: "Kijana, hizi nyumba umeziona wapi? Hapa si ni shamba la ngano? Tumelima juzi." Watu wakaangua kicheko. Picha yangu ya zamani ilikuwa ya Agosti, ngano ikiwa kijani kibichi. Ile mpya ilikuwa ya Februari, ardhi imelimwa na kuachwa wazi ikingoja mvua. Kompyuta iliona udongo mtupu, ikadhani ni mji.

Tangu siku hiyo siamini kwamba ugumu wa kazi hii ni kuyaona mabadiliko. Utayaona mengi kupita kiasi. Ugumu ni kuyachuja yale ya uongo mpaka yabaki yale yanayoweza kubeba uamuzi wa mpango. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa lengo hilo, na mifano karibu yote ni ya Kaunti ya Nakuru, Kenya, kwa sababu ndiko ninakokujua. Aliye Kisumu au Kakamega atabadilisha majina ya mahali, msimu na kanda ya ramani.

Anza na uamuzi, picha baadaye

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, uliojengwa juu ya hifadhidata ya kijiografia, na unaopitiwa kila miaka 5. Hiyo tayari inakupa vipindi vyako: linganisha hali ya mwanzo wa mpango, ya katikati na ya sasa. Kabla ya kupakua chochote, andika sentensi moja inayotaja nani ataamua nini. Kwa mfano: "Kamati inataka kujua ni ekari ngapi za mashamba kati ya Nakuru na Rongai zimegeuka makazi tangu 2016, ili iamue njia kuu ya majitaka ipite wapi." Sentensi hiyo inakwambia eneo, miaka, aina za ardhi unazohitaji na kiwango cha usahihi. Ukianza na swali la "tuone ardhi imebadilikaje", utamaliza na ramani ya rangi kumi na mbili ambayo hakuna anayeitumia.

Picha zipi, na zinaona kitu cha ukubwa gani

Huhitaji kununua picha. Landsat ya Marekani imekuwa angani tangu 1972, na kumbukumbu zake zote zilifunguliwa bure mwaka 2008. Tangu Landsat 5 irushwe mwaka 1984, pikseli yake, yaani mraba mdogo kabisa unaoijenga picha, ni mita 30 kwa 30. Sentinel-2 ya Ulaya ilianza 2015, ikapata pacha wake 2017. Pikseli yake ndogo ni mita 10, na hupita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi. Kwa yaliyotokea kabla ya 2015 huna budi kutegemea Landsat. Kwa ya karibuni tumia Sentinel-2. Kumbuka Landsat 7 iliharibika kifaa mwishoni mwa Mei 2003, na picha zake tangu hapo zina michirizi mitupu kama pazia lililochanika.

Sasa weka ukubwa huo kwenye lugha ya ardhi ya hapa kwetu. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni kama mita za mraba 465. Kwenye Sentinel-2 hiyo ni pikseli nne au tano. Kwenye Landsat ni nusu ya pikseli moja. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama jirani yake amejenga nje ya mpaka, mwambie aende kwa mpima ardhi. Setilaiti hizi zinauona mtaa, haziuoni ukuta wa mtu. Ekari moja ni pikseli 40 za Sentinel-2, na mimi sipendi kutoa hukumu juu ya kipande chochote kilicho chini ya nusu ekari.

Mahali pa kuzipata: tovuti ya Copernicus Browser kwa kuangalia haraka na kupakua picha moja moja, na Google Earth Engine kwa kazi kubwa, kwa sababu huko hesabu hufanyika kwenye mitambo yao, hivyo bando lako halimalizwi na faili za gigabaiti. Kujisajili kwa kazi isiyo ya biashara ni bure. Juu ya meza yako weka QGIS, programu ya kutengeneza ramani, nayo ni bure. Google Earth Pro pia iwepo, kwa ajili ya kutazama picha za zamani zilizo kali zaidi unapohakiki.

Msimu ule ule, kila mwaka

Hapa ndipo nilipoangukia mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nakuru mawingu yanapungua Januari na Februari. Ni miezi mizuri ya kuona misitu, majengo na maji. Kwa mashamba ni mibaya, maana ardhi iliyolimwa inafanana na uwanja wa ujenzi. Dawa yake ni kutumia misimu miwili: tengeneza picha ya wastani wa kati (mediani) ya Januari na Februari, na nyingine ya Julai hadi Septemba, kwa kila mwaka unaoulinganisha. Shamba la ngano litakuwa tupu katika ya kwanza na kijani katika ya pili. Mtaa wa mabati utakuwa mtupu katika zote mbili. Msitu utabaki kijani katika zote mbili. Kwa hatua hiyo moja utaua sehemu kubwa ya makosa kabla hujaanza kuainisha, yaani kuzigawa pikseli katika aina za ardhi.

Wastani wa kati ni bora kuliko picha moja kwa sababu kila pikseli inachukua thamani ya katikati ya siku zote zilizo safi. Kwanza ondoa pikseli zenye mawingu na vivuli vyake. Picha zilizosahihishwa angahewa huja na tabaka linalozitambulisha. Halafu hesabu kila pikseli ilibakiwa na siku ngapi safi. Kwenye miinuko ya Mau, Julai na Agosti, unaweza kukuta siku moja au mbili tu, na hapo wastani haukusaidii kitu. Panua kipindi hadi Oktoba, au ukiri kwamba sehemu hiyo haina data.

Mtego wa pili ni wa hesabu, na umewanasa watu wazito. Tarehe 25 Januari 2022 watayarishaji wa Sentinel-2 walibadili namna ya kuhifadhi thamani, wakaongeza 1000 kwenye kila pikseli. Chukua pikseli ya msitu yenye 400 kwenye bendi nyekundu (bendi ni aina moja ya mwanga inayopimwa na setilaiti) na 3600 kwenye infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho. Fahirisi ya uoto, maarufu kama NDVI, ni infraredi toa nyekundu, gawanya kwa jumla yao: 3200 kwa 4000, yaani 0.80. Ongeza 1000 kila upande bila kujua, unapata 3200 kwa 6000, yaani 0.53. Hakuna mti uliokatwa, lakini ramani yako inalia kwamba msitu wa Mau umekwisha. Ndani ya Earth Engine tumia mkusanyiko ulioandikwa "harmonized", ambao umekwisha kurekebishwa. Ukipakua faili mwenyewe, toa hiyo 1000 kwa mkono.

Nyoosha ramani zako kabla ya kuzipandanisha

Longitudo 36 inapita kati ya Njoro na mji wa Nakuru. Katika UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za kupimia kwa mita, mji uko kwenye kanda ya 37 Kusini, Njoro na Molo ziko kanda ya 36. Ukipakua picha moja moja utapewa vipande vya kanda mbili, na ukivishona bila kuangalia utapata mshono katikati ya kaunti. Chagua kanda ya 37 kwa kaunti nzima na usibadili tena. Kosa la eneo kwa kufanya hivyo halifiki asilimia moja, dogo kuliko mengine utakayoyafanya.

Kubwa zaidi ni mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao ramani huanzia kuhesabu mahali. Ramani nyingi za zamani za serikali ziko kwenye Arc 1960, ilhali setilaiti zinatumia WGS 84. Ukiipandanisha ramani ya ploti bila kubadili mfumo, kila kitu kinahama takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Nimewahi kuona nyumba za watu zikiogelea ziwani kwenye ramani iliyotoka ofisi moja, na tatizo lilikuwa hilo tu. Pima kwa makutano ya barabara: yakilingana katika pembe nne za eneo, endelea.

Hesabu tatu zinazokutosha kuanza

Kwenye kikokotoo cha rasta (picha za pikseli) cha QGIS tengeneza fahirisi tatu kwa kila mwaka. Ya uoto nimeieleza. Kwa Sentinel-2 ni bendi ya 8 na ya 4. Ya maji hutumia kijani, bendi ya 3, na infraredi ya mawimbi mafupi, bendi ya 11: kijani toa infraredi, gawanya kwa jumla yao. Maji yenye 0.08 na 0.02 yanatoa 0.6, na kwa kawaida kilicho juu ya sifuri ni maji. Ya majengo hutumia bendi ya 11 toa ya 8, gawanya kwa jumla. Hiyo ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote katika nchi yenye udongo mkavu, usiitegemee peke yake.

Kisha toa ya zamani kwenye mpya. Msitu uliokuwa 0.80 ukafyekwa hadi 0.25 utaonyesha −0.55, na hilo halina ubishi. Mpaka wa kati ya badiliko na kelele usiuchukue kutoka kwa mtu mwingine. Chagua mahali unapojua hapakubadilika, tuseme katikati ya msitu wa asili usioguswa, uangalie tofauti yake inayumba kiasi gani. Ikiyumba kati ya −0.1 na 0.1, anza kuhesabu badiliko kuanzia −0.2.

Ziwa Nakuru ni somo zuri la fahirisi ya maji. Linapokea mito ya Njoro, Makalia na Nderit lakini halina pa kumwaga. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa na kilomita za mraba 40 hivi. Tangu karibu 2010 limepanda hadi kupita 60, likameza lango kuu la zamani la hifadhi na kuingia makazi ya Mwariki. Ziwa Naivasha nalo likaingia makazi ya Kihoto mwaka 2020. Ukitengeneza mstari wa ukingo kwa kila mwaka na kuuweka juu ya mwingine, utaona upande wa mwinuko haukusogea sana na upande wa tambarare umekimbia. Mpangaji anataka mstari wa mbali kuliko yote. Wastani haumfai, kwa sababu nyumba hazizami kwa wastani. Angalia mambo mawili: ziwa linapopungua, magadi meupe ya ukingoni yanang'aa kama paa jipya, na migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini inachanganya fahirisi, pikseli ikawa si maji wala si mti.

Wakati wa masika usisubiri anga kutakata. Sentinel-1 ni rada, inapenya mawingu, na maji yaliyotulia huonekana meusi. Kwa mafuriko kama yale ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 unaweza kupata picha wakati zile za kawaida zimejaa pamba tupu. Tahadhari tu na miteremko mikali: kivuli cha rada ndani ya kreta ya Menengai nacho ni cheusi, na hakuna ziwa humo. Weka tabaka la mteremko, ufute "maji" yote yaliyo juu ya mteremko wa nyuzi 5 hivi.

Kuainisha

Ukitaka ramani kamili ya matumizi ya ardhi, lazima uifundishe kompyuta kwa mifano. Aina sita zinatosha: msitu, vichaka na malisho, mashamba, majengo, maji, ardhi tupu. Kwa kila aina chora mifano isiyopungua 50, iliyotawanyika kaunti nzima, kuanzia Kuresoi hadi Gilgil. Mbinu ya miti mingi ya maamuzi (random forest), ambayo Earth Engine na viongezi vya QGIS vinayo, inafanya vizuri bila kuhitaji uchawi. Ipe bendi zote, fahirisi za misimu miwili, na mwinuko.

Ugumu wa Nakuru uko kwenye mifano yenyewe. Mabati mapya yanameta, yaliyoshika kutu yanafanana na udongo mwekundu. Chora yote mawili. Vibanda vya plastiki vya mashamba ya maua Naivasha vinaonekana kama viwanda, kwa hiyo vipe aina yao kisha uviunganishe na mashamba baadaye. Chai ya upande wa Olenguruone ni kijani mwaka mzima, nayo hujifanya msitu. Na msitu wa kupandwa, ile misipresi inayovunwa na kupandwa upya huku wakulima wakilima katikati ya miche, utaonekana umekatwa. Umekatwa kweli, lakini ni mavuno, matumizi ya ardhi hayajabadilika. Pata ramani ya mashamba ya miti kabla hujatamka neno uharibifu. Ramani za Mau zimewahi kutumiwa kuwahamisha watu. Mtu anayezitengeneza hana ruhusa ya kuwa mzembe katika hilo.

Zipo ramani zilizokwisha kuainishwa dunia nzima, bure, kama WorldCover na Dynamic World, zenye pikseli za mita 10. Nazitumia kuchungulia. Ila usitoe WorldCover ya 2020 kwenye ya 2021 ukaita jibu lako badiliko: mbili hizo zilitengenezwa kwa matoleo tofauti ya mbinu, na sehemu ya tofauti ni ya mbinu yenyewe. Kwa majengo, data ya Open Buildings ya Google ina kipindi cha 2016 hadi 2023 na inaona vizuri kuliko chochote utakachokitoa kwenye Sentinel-2 kwa mkono.

Nenda ukaone

Chagua nukta kwa bahati nasibu ndani ya kila aina ya badiliko, na nyingine ndani ya eneo ambalo ramani inasema halikubadilika. Hizo za mwisho watu huziruka, na ndizo zinazofichua nyumba ulizokosa. Ziweke kwenye simu kwa QField, programu ya ramani ya simu, tafuta mwendeshaji bodaboda anayeijua mitaa, na toka mapema. Zisizofikika zihakiki kwenye picha kali za Google Earth Pro, ukiangalia tarehe yake kwa makini. Njiani uliza. "Shikamoo mzee, hapa palikuwa na nini kabla ya hizi ploti?" Mara nyingi utapewa mwaka, jina la mwenye shamba la kwanza na sababu ya kuuza. Jina usiliandike. Mwaka na sababu viandike.

Hesabu ya ekari, na ukubwa wa shaka

Kuhesabu pikseli na kuzigeuza hekta si jibu bado. Tuseme, kwa namba za mfano tu, eneo lako ni hekta 20,000 na ramani inadai hekta 600 ni ujenzi mpya. Ulihakiki nukta 100 ndani ya "ujenzi mpya", 80 zikawa kweli. Ulihakiki nukta 200 ndani ya "hakuna badiliko", 4 zikawa kumbe zimejengwa. Basi makadirio ni hekta 600 mara 0.80, yaani 480, kuongeza hekta 19,400 mara 0.02, yaani 388. Jumla hekta 868. Ramani ilikuwa imepunja karibu theluthi moja, kwa sababu kosa dogo la asilimia 2 katika eneo kubwa ni ardhi nyingi.

Shaka yake unaipata hivi: kwa kila kundi, zidisha eneo lake kwa lenyewe, kisha kwa sehemu ya ujenzi mpya, kisha kwa sehemu iliyobaki, ugawanye kwa idadi ya nukta ukitoa moja. Jumlisha makundi, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa 1.96. Hapa inakuja karibu hekta 380 juu na chini. Diwani atakunja uso akisikia "868, inaweza kupungua au kuongezeka 380". Mwambie nukta 200 zaidi kwenye eneo lisilobadilika zitaipunguza shaka hiyo, na gharama yake ni siku chache za bodaboda. Akikataa, aandike mwenyewe kwamba ameikubali shaka hiyo.

Kuipeleka kwenye mpango

Kamati haihitaji fahirisi. Inahitaji jedwali la kila wadi: ekari zilizogeuka, kutoka nini kwenda nini, kati ya mwaka gani na gani, na shaka yake. Kando weka ramani moja ya maeneo ambayo ujenzi umekutana na hatari: ndani ya ukingo wa mbali wa ziwa, kwenye mteremko mkali, kwenye njia ya mto. Hifadhi pia folda yenye tarehe za picha, kanda uliyotumia, mifano ya kufundishia na nukta zote za uhakiki, ili atakayepitia mpango baada ya miaka 5 arudie kazi ile ile badala ya kubuni yake.

Halafu chapisha nakala kubwa ya karatasi kwa ajili ya baraza. Andika majina ya shule, soko, kanisa na stendi, maana watu hujitafuta kwa hayo kabla ya kutazama rangi. Ondoa ule ufunguo mrefu wa alama. Weka kalamu mbili za wino mezani na mwache kila anayetaka achore. Usisimame mbele kueleza, kaa pembeni na daftari. Kila duara litakalochorwa ligeuze nukta ya kuhakiki, na ramani isiende kwenye bunge la kaunti kabla nukta hizo hazijatembelewa.